Nimebadilishiwa bega, miezi tisa sasa: niliyoyapitia

Naandika hii kwasababu kabla ya oparesheni nilihangaika sana kupata mtu aliyepitia, wengi wanajua habari za goti na nyonga tu, bega unakuta kila mtu anashangaa kumbe na lenyewe linabadilishwa.

Langu lilikuwa limeisha kabisa. Gegedu lililika lote, mfupa unasaga mfupa, ukinyanyua mkono unasikia ule mkwaruzo ndani. Mchana nilivumilia ila usiku ndio ulinishinda, sindano nilichomwa zikasaidia wiki kadhaa halafu yakarudi yaleyale.

Jamani muulize daktari wako anakuwekea bega la aina gani, maana ziko mbili. La kwanza wanatoa kichwa cha mfupa wa mkono wanaweka tufe la chuma, na pale linapokaa wanaweka plastiki ngumu, lakini hilo linataka zile kano zinazolishika bega ziwe nzima. Zangu zilikuwa zimechanika siku nyingi kwahiyo niliwekewa la kugeuza, yani tufe linafungwa kwenye mfupa wa bega na kikombe kinakuja juu ya mfupa wa mkono, kinyume na tulivyoumbwa, halafu ule msuli mkubwa wa juu ya bega ndio unabeba kazi yote. Alilibuni daktari wa Ufaransa, Paul Grammont, miaka ya 1980. Nilipoielewa hiyo hofu ikapungua kweli.

Oparesheni yenyewe sina mengi ya kusema, nililala nikaamka. Shida ilikuja usiku wa kwanza nyumbani. Walikuwa wamenichoma ganzi ya shingoni, mkono wote umekufa, sisikii kitu, nikajiona nimepona, vidonge nikaviacha mezani. Saa nane usiku ganzi ikaisha ghafla na yale maumivu siwezi kuyaelezea, nililia mbele ya watoto wangu. Hakuna aliyenieleza wakati wa kuruhusiwa kwamba vidonge vinaanzwa ganzi ikiwa bado ipo, na hilo limeniuma mpaka leo maana ni sentensi moja tu. Muulizeni nesi kabla hamjatoka.

Slingi, yani kile kitambaa cha kuning'iniza mkono shingoni, nilivaa wiki sita, mpaka kulala nayo. Kulala chali sikuweza, nilikuwa naegemea mito kama nimekaa, na mto mdogo chini ya kiwiko ili mkono usirudi nyuma. Kuvaa shati (la vifungo tu, tisheti sahau) unaanza na mkono mgonjwa, kuvua unamalizia nao. Kwapa unaliosha kwa kuinama mbele mkono uning'inie wenyewe, usiunyanyue. Na kitu walichonikataza kwa ukali ni kujisukuma na mkono ule ukiinuka kitini, au kuupeleka nyuma kama unachomekea shati, bega la kugeuza linaweza kuchomoka hapo.

Mazoezi ndio kazi yenyewe. Mwanzoni ni kufungua vidole na kukunja kiwiko, na kuinama mkono ukibembea kama ile timazi ya saa ya ukutani, baadae ndio fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) akaanza kuninyanyulisha nikiwa nimelala chali nikiusaidia na ule mzima. Wiki ya nane nilikata tamaa, mkono ulikuwa unafika kifuani unagoma, fizio akaniambia msuli unajifunza kazi mpya nisiulazimishe, akawa ananihesabia taratibu. Mwezi wa tano nikashusha kikombe kabatini bila kufikiria, nimeshakishika ndio nikashtuka.

Sasa hivi nalala upande ule usiku mzima. Kufika mgongoni bado, naishia kwenye nyonga, na daktari alinieleza mapema kuwa kwa bega hili huenda isirudi yote. Vitu vizito vya juu ya kichwa nimeachana navyo. Kwangu mimi kwa usingizi tu ningefanya tena, na la kushoto limeanza kukwaruza kwahiyo nimeshaomba miadi.