Rasheni za majeshi ya nje: ipi ununue, ipi uwaachie wenyewe

Wageni wakija kwangu wakaona yale maboksi ya kijani ya chakula cha askari juu ya kabati hudhani najiandaa na vita, wallahi hapana, ni mchezo tu, kama mwingine anavyokusanya stempu ila hizi zangu zinaliwa. Niko Ujerumani, maduka ya mitumba ya jeshi hapa yako mengi, na wauzaji wa mtandaoni ndio usiseme. Hela nilizotupa kwa kununua kiholela ni nyingi ndio maana nakupangia hapa kuanzia ile ningekwambia kanunue leo hadi ile ningekwambia pita tu usisimame.

Lakini kabla ya bendera za nchi, tarehe. Hapa ndipo watu wanapigwa. Pakiti za Mmarekani haziandikwi tarehe ya kuekspaya kama maziwa, kila kitu ndani kina namba nne tu, ya kwanza ni mwaka na tatu zinazofuata ni siku ya mwaka. Kwa hiyo 1068 ni siku ya 68 ya mwaka unaoishia na 1, yaani tarehe 9 Machi 2021. Au 2011! Namba ni ileile, na muuzaji mjanja hakwambii ni ipi. Mimi niliuziwa moja "mpya kabisa", kufungua ile jibini ya kupaka imegeuka rangi ya ukwaju na siagi ya karanga mafuta yako kivyake karanga kivyake, nikajua hapa nimeliwa. Siku hizi naomba picha ya boksi kubwa la pakiti 12, hilo ndilo lenye tarehe kamili na mara nyingi lina kistika cha duara ndani ya duara, la ndani likiwa jeusi kuliko la nje ujue mzigo umepigwa na joto. Wenyewe wanahesabu inadumu kama miaka 3 kwenye nyuzi joto 27, sasa fikiria boksi lililokaa juani ndani ya kontena. Na kopo lililovimba, la nchi yoyote, ni la kutupa, usionje hata kwa ncha ya ulimi.

La pili ni kwa sisi Waislamu: jifunze neno nguruwe kwa lugha zote. Porc na jambon kwa Mfaransa, Schwein na Speck kwa Mjerumani, maiale kwa Mtaliano, pork, ham na bacon kwa Mwingereza. Na kumbuka pakiti isiyo na nguruwe haimaanishi ng'ombe wake kachinjwa kihalali, ndio maana mimi nakimbilia menyu za samaki na za mboga.

Namba moja: Mfaransa. Sina ubishi hapa. Ni boksi la karatasi ngumu, chakula cha saa 24, kalori kama 3,200, menyu ziko 14 na ziko zisizo na nguruwe. Mle ndani kuna makopo mawili ya chakula cha kupasha, kikopo cha kufungulia kinywa, supu ya unga, biskuti za chumvi na za sukari, chokoleti, kahawa, chai, vidonge vya kusafishia maji, kiberiti, na kijiko cha bati, nasema jiko dogo la kupikia sio kijiko cha kulia, kijijiko cha kukunja kinachoingia kwenye kiganja. Unakikunjua, unaweka kidonge cha moto katikati, unawasha, kopo juu. Mara ya kwanza niliwasha barazani kwangu, upepo ukawa unanizimia, nikazunguka nacho kona zote mpaka nikakikinga na ndoo ya mopu. Kidonge kinatoa harufu kali, usiwashe ndani ya nyumba, na kinaacha masizi meusi yenye mafuta chini ya kopo ambayo yatahamia kwenye shati lako, niamini. Lakini kile chakula! Ilikuwa jodari na viazi, vipande vya samaki unavyoviona ni samaki kweli sio uji wa samaki, nilikula nikafuta kopo kwa biskuti, kilichokosekana ni ndimu na pilipili basi. Ubaya wake ni kile kikopo cha mwanzo, mara nyingi ni pate ya nyama, ukiona hivyo mpe jirani.

Namba mbili: Mwingereza. Hii ndio niliyoonja kwanza maishani na sio huku Ulaya, ilitoka Nanyuki, Kenya, manake jeshi la Uingereza lina kambi yake ya mazoezi pale, na ami yangu mmoja aliyekuwa akiendesha lori njia hizo alipewa na askari akatuletea Mombasa. Tulikaa watoto saba tukigawana pakiti moja kama nyama ya Idi. Ni ya saa 24 na ina kalori kama 4,000, ni nyingi sana kwa mtu anayekaa ofisini, mimi naigawa siku mbili. Inachonipendeza ni kwamba wana menyu ya halali kabisa iliyoandikwa hivyo, ya mboga, na ya Masingasinga na Wahindu, kwa hiyo huna haja ya kuwa mpelelezi. Chakula kiko kwenye mifuko unayoichemsha kwenye sufuria, maji yaleyale unapikia chai. Chai yenyewe sasa... maziwa ya unga, hapana tangawizi hapana iliki, tuseme ni maji ya moto yenye nia njema. Na zile biskuti za kahawia ni kavu, askari wao wenyewe wanazitania kwamba zinafunga tumbo.

Namba tatu: Mmarekani. Najua wengi mlidhani itakuwa ya kwanza kwa sababu ndiyo maarufu, ipo tangu 1981, menyu 24. Ila elewa kwamba pakiti moja ni mlo mmoja wa kalori kama 1,250 sio siku nzima, kwa hiyo ukilinganisha bei na Mfaransa zidisha mara tatu. Unachonunua hapa hasa ni hita. Ni mfuko wa plastiki wenye unga wa magnesi na chuma, unatia maji mpaka kwenye mstari, unaingiza chakula, unaegemeza "juu ya jiwe au kitu", ndivyo mchoro wao unavyosema, na kweli pale penye mchoro wa jiwe wameandika au kitu. Baada ya muda mfupi linachemka lenyewe bila moto. Inatoa gesi ya hidrojeni lakini, kwa hiyo isiwe ndani ya gari lililofungwa wala karibu na sigara. Tafuta makaroni ya nyama na maharage yenye pilipili au yoyote yenye jibini ya halapenyo, ile pilipili ya Meksiko, na kama ukikuta ya zamani yenye kimanda cha mboga ikimbie, askari waliibatiza jina la matapishi. Boksi za jeshi zimeandikwa kabisa kwamba kuuzwa ni kinyume cha sheria, kwa hiyo tafuta za kiraia, kampuni zilezile zinazotengenezea jeshi, kama SOPAKCO na AmeriQual, zinazo zake za kuuza.

Mtaliano nampa nne. Amegawa siku vizuri, asubuhi mchana na jioni kila kimoja na pakiti yake, tambi na maharage yake ni mazuri, mpaka mswaki na dawa ya meno kakuwekea. Tatizo kuna kipakiti cha pombe kali ya asilimia 40. Nilibeba moja pikiniki ya Idi bila kufikiri, mtoto wa rafiki yangu akaitoa, akainua juu, "Ami, hii ni asali?" Baba yake akaniangalia. Sikuwa na la kusema nikamwambia ni dawa, lete huku.

Mjerumani mwisho, samahani wenyeji wangu. Soseji za nguruwe kila upande, yangu haikuwa hata na jiko, na biskuti zake askari wanaziita Panzerplatten, mabamba ya kifaru, niliitumbukiza moja kwenye chai, nikajibu simu ya mama, nikarudi bado ngumu.

Ya Mrusi sijaipanga, yenye chapa ya kutouzwa na vikwazo vya sasa hivi hujui unanunua kwa nani.

Ukitaka kumpelekea mtu nyumbani toa makopo ya nyama kwanza, forodha nyingi hazitaki nyama kwa posta na boksi zima linaweza kushikwa. Mimi natuma chokoleti, biskuti za Mfaransa na kile kijiko cha bati cha kupikia bila vidonge, na huyo ami wa Nanyuki kila nikipiga simu anauliza cha halali cha Mwingereza kiko wapi.