Mota ya mapigo: koili yenye chuma au koili tupu?

Mota hii husukuma sumaku za rota (sehemu inayozunguka) kwa mapigo mafupi ya umeme kwenye koili, yaani waya uliosokotwa, yenye chuma katikati au bila. Ondoa betri, zungusha rota kwa kidole. Kwenye koili yenye chuma utahisi sumaku zikinasa na kuachia. Mnaso wenyewe hurudisha karibu nguvu yote unayotoa; inayopotea hugeuka joto ndani ya chuma. Koili tupu haina mnaso huo, ila inadai mizunguko mingi ya waya, na waya wa shaba pale Luthuli Avenue, Nairobi, hula pesa.

Kwenye kurudisha umeme, chuma kinashinda: kwa mizunguko na mkondo uleule huhifadhi nishati zaidi, na transista (swichi ya koili) inapozima, dayodi huipeleka kwenye kapasita, inayoitunza. Hairudi yote, kamwe. Kutumia vijiti vyembamba vya chuma vilivyopakwa vanishi badala ya kipande kimoja hupunguza joto la chuma, si mnaso.

Unataka kujaza betri ya pili? Vumilia chuma. Betri yako ni ndogo na unataka mwendo mwepesi? Acha tundu la koili wazi.