Daimler Ferret: deraya ndogo ya kukarabati nyumbani, tathmini yangu baada ya kuifungua yote

Kama unataka gari la deraya la zamani la kukarabati mwenyewe nyumbani, mi nakwambia moja kwa moja chukua Daimler Ferret, ila usinunue bodi. Nunua gia, shafti na hab (vitovu vya magurudumu), maana hela na jasho lote liko huko chini na sio kwenye lile chuma la nje linalopendeza kwenye picha. Hii gari naipenda sana na nataka kila anayeichukua aifikishe barabarani, sio iishie kuchakaa chini ya turubai, ndo maana naandika kwa urefu.

Kwa asiyeijua, Ferret ni gari la upelelezi la Waingereza, limetengenezwa na Daimler kule Coventry kuanzia 1952 hadi 1971, na zilitoka 4,409. Kabla yake walikuwa na Dingo, gari dogo la upelelezi la Daimler pia, wakati wa vita kuu ya pili, na ukiziweka pamoja unaona kabisa huyu ni mtoto wa yule. Zilisambaa kwenye majeshi ya nchi nyingi hasa za Jumuiya ya Madola, na Waingereza wenyewe walikuwa bado wanazo kwenye vita ya Ghuba mwaka 1991. Hili la kusambaa lina maana kubwa kwako wewe wa nyumbani, kwa sababu majeshi yalipoziacha spea ziliuzwa pamoja na magari, na mpaka leo bado unapata kitu kipya kabisa kikiwa kwenye karatasi yake ya mafuta na lebo ya jeshi. Jaribu kutafuta hivyo kwa deraya ambayo zilitengenezwa chache uone.

Ukubwa wake ndo sababu ya kwanza ya kuipenda. Haifiki mita 4 kwa urefu, upana ni mita 1.9 hivi, na toleo la Mk 2 lenye turreti (kile kibanda cha chuma cha juu kinachozunguka na bunduki) lina uzito wa tani 4 na ushee. Saracen na Saladin, deraya nyingine za Waingereza za zama zile zile, zina matairi sita na uzito wa tani 10 kwenda juu, hapo hata jeki unayohitaji ni ya aina nyingine kabisa, na vifaru vya minyororo ndo usiseme, maana kila pini ya mnyororo ni vita na barabara ya lami inaumia. Ferret inaingia kwenye gereji ya kawaida ya gari ndogo ila pima urefu wa mlango kwanza, kwa sababu yenye turreti inakaribia mita 1.9 kwenda juu. Ile Mk 1 iliyo wazi juu ni fupi zaidi.

Injini nayo haina maneno mengi, ni Rolls-Royce B60, silinda sita kwa mstari, lita 4.26, petroli, kama nguvu za farasi 130, na gari likiwa zima linafika kilomita 93 kwa saa. Ni familia moja na B40 ya silinda nne na B80 ya silinda nane, walizitengeneza makusudi ziazimane vipuri, kwa hiyo kutafuta spea za injini sio msiba. Ni injini ya kijeshi kweli, iliyolala miaka mingi ukiitoa plagi ukamwaga mafuta mepesi kwenye silinda ukaiacha ilowe halafu ukaizungusha kwa mkono taratibu, mara nyingi inakubali. Kabureta safisha, mipira ya petroli tupa yote weka mipya, tanki fungua uoshe. Kinachosumbua ni umeme wa moto maana ni volti 24 na kila kitu kimefungwa ndani ya chuma ili kisiingilie redio, yaani distribyuta, waya za plagi na plagi zenyewe ni za aina ya peke yake, huwezi kukimbia duka la spea la kawaida ukachukua plagi ukafunga. Hizo nunua za akiba mapema.

Sasa tuje kwenye roho ya hii gari. Ferret haina klachi unayoijua wewe. Injini inazungusha flaiwili ya mafuta, inayopitisha nguvu kwa mafuta badala ya sahani za klachi, halafu kuna giaboksi ya preselekta ya gia tano, unachagua gia kwanza kwa mkono na hakuna kinachotokea, ukiwa tayari unakanyaga pedali ya kushoto mpaka mwisho na kuiachia ndo gia inaingia. Pedali ile ikanyage kweli kweli, ukiikanyaga nusu bendi za ndani (mikanda inayobana gia) hazikai vizuri na inaweza kurudi kwa nguvu ikakuumiza mguu, wenye Ferret wote wanalijua hili na anayejifunza lazima aambiwe kabla hajapanda. Kuna lever nyingine ya mbele na nyuma, na kwa sababu mwelekeo unabadilishwa baada ya giaboksi unapata gia zote tano ukirudi nyuma pia. Mpelelezi akiwaona adui hageuzi gari, anarudi kinyumenyume kwa kasi ile ile. Kwangu mimi huu ni uhandisi mzuri kuliko mwingi nilioona kwenye magari mapya.

Baada ya hapo nguvu inaingia kwenye difu moja tu katikati, inagawanywa upande wa kushoto na wa kulia, na kila upande shafti moja inaenda mbele na nyingine nyuma, kila tairi ina boksi la gia za pembe pale shafti inapokata kona, halafu ndani ya hab kuna gia nyingine za kupunguza mwendo. Matokeo yake tairi ya mbele na ya nyuma za upande mmoja zimefungwa pamoja, haziruhusiwi kuzunguka tofauti. Ukikata kona kwenye lami ngumu tairi ya mbele inataka kwenda umbali mrefu kuliko ya nyuma, na tofauti hiyo haina pa kwenda, inajikunja ndani ya shafti na gia mpaka usukani unakuwa mzito na kitu kinaanza kulia. Dawa yake ni kupita kwenye kokoto au majani ili tairi ziteleze, au kupandisha tairi moja kwa jeki, na ukifanya hivyo unaiona tairi inajizungusha yenyewe hewani ikiachia ule mkazo, kwa hiyo mikono kaa mbali.

Hapo ndo watu wengi wanaua Ferret bila kujua. Wanaweka tairi mpya mbili mbele na kuacha zilizolika nyuma. Tairi mpya na iliyolika hazina mzunguko sawa, kwa hiyo hata ukienda wima tu barabarani gia zinakunjwa kila mita unayotembea. Kwenye hii gari tairi zote nne ziwe saizi moja, aina moja na zimelika sawa, kama hela ya nne huna subiri ukae hata mwaka.

Kwenye kukagua, chukua spana na chupa za plastiki, fungua kila nati ya oili uchukue kidogo uangalie. Sehemu za oili ni nyingi: injini, flaiwili, giaboksi, difu na boksi lake, maboksi manne ya pembe na hab nne. Kuna moja nililokagua lilikuwa limepigwa rangi mpya inang'aa, herufi nyeupe zimeandikwa kwa stensili safi kabisa, ukilitazama unataka kulipa hapo hapo, ila nilipofungua boksi la pembe la nyuma kulia ikatoka kitu cheupe kama chai ya maziwa na chini yake maji matupu. Sili zilikufa siku nyingi, mvua imeingia, beringi zimekula kutu. Lile sikulichukua. Oili nyeusi haitishi, nyeupe inatisha, na yenye vumbi linalometameta la chuma ukiona ondoka. Flaiwili nayo chungulia chini yake, ikivuja jua kwamba kubadilisha sili yake ni kutoa injini nzima, na injini inatoka kwa kreni na sio kwa marafiki wanne wenye nguvu.

Bodi kwa kweli ndo kazi nyepesi. Chuma cha deraya ni milimita 6 hadi 16 kutegemea sehemu, kutu inakula juu juu tu. Kinachooza ni mabati ya kawaida, yaani madgadi na yale maboksi ya vifaa ya pembeni, na hayo unakunja mapya mwenyewe. Ila chuma cha deraya chenyewe usikichomelee hovyo, ni kigumu na kinapasuka pembeni ya weldi kama hujakipasha moto kwanza na kutumia elektrodi sahihi zilizokaushwa, na kutoboa matundu mapya ya taa na mbwembwe nyingine mi naona ni dhambi. Rangi halisi ya miaka ile ya Waingereza ni Deep Bronze Green, namba 224 kwenye chati ya BS 381C, inang'aa kidogo, sio ule ujani mfu wa baadae ambao watu wanapaka kila kitu. Ukikwangua taratibu kwa msasa wa maji kwenye kona ambayo haikuguswa unaona tabaka zote na unajua gari lako lilitumikia jangwani au wapi. Ila vaa barakoa, rangi za zamani zina risasi ndani yake.

Na usalama ndo sehemu ambayo sitaki mtu aipite haraka. Rimu ni vipande viwili vilivyobanwa kwa nati, na kuna nati nyingine za kufunga gurudumu kwenye hab. Ukifungua zile za rimu tairi likiwa na upepo, rimu inafunguka kama bomu na watu wamekufa kwa kosa hili kwenye magari ya jeshi ya aina hii, kwa hiyo toa sindano ya valvu, upepo uishe kabisa, ndo uguse spana. Breki na gasketi za eksozi za zamani chukulia zina asbesto, usipulize kwa kompresa, lowesha na upanguse. Saa za dashibodi za zamani zinazong'aa gizani zinaweza kuwa na rangi ya radiamu, usizifungue wala kukwangua. Na mifuniko ya juu ni mizito, ina vishikio vyake, hakikisha vinashika kabla hujaingiza kichwa au vidole.

Kuendesha sasa: usukani umelala kinyume na ulivyozoea na hauna msaada wowote, unaona kupitia vidirisha, pembeni na nyuma huoni kitu, lazima awepo mtu wa pili juu wa kukuelekeza. Kelele ni nyingi na joto lipo. Naipa nyota nne kati ya tano, hiyo moja nimeikata kwa sababu ya bei na uadimu wa plagi na vile kuvuja kwa sili kunavyolazimisha kutoa injini.

Tafuta vitabu vyake vya jeshi kabla ya gari lenyewe, vile vya karakana vinaitwa EMER na kile cha dereva, vinaeleza kila nati na kila aina ya oili, na usibadilishe aina ya oili ya breki kwa kukisia maana mpira wa sili unaokubali moja unavimba na nyingine. Uliza pia sheria ya kwako kuhusu bunduki ya turreti na leseni ya gari la uzito huo kabla hujalipa. Muuzaji akikataa kukuwashia na kukutembezea gia zote tano mbele na zote tano nyuma, hata kama ni kwa kusogea tu uwanjani, bei ishuke kama vile giaboksi imekufa.