Rola ya presi: jiwe la graniti au chuma chenye kauri?

Kwenye mashine ya karatasi, rola ya katikati ya presi (sehemu inayokamua maji kwenye karatasi) ndo inagusana na karatasi mbichi kabisa, kwahiyo kitu cha kwanza ni iachie karatasi bila kuichana. Graniti ilitawala hapo miaka mingi sana na sio kwa bahati mbaya, ule uso wake wa madini tofauti tofauti unaachia karatasi vizuri, haushiki kutu, na bleidi ya kukwangua haiuli haraka.

Shida ni joto. Siku hizi viwanda vinapiga mvuke kwenye presi ili maji yatoke fasta na spidi ipande, sasa jiwe likipata moto nje huku ndani bado baridi linavutana lenyewe, ufa unaanza usiouona, na kuna rola zimewahi kupasuka mashine ikitembea, jiwe la tani kadhaa hilo, mtu akiwa karibu basi tena. Ndo maana mafundi wa graniti wanapasha taratibu na hawathubutu kulimwagia maji baridi likiwa la moto.

Kauri yenyewe inapulizwa kwa moto juu ya sheli ya chuma (gamba la nje la rola), ni tabaka jembamba tu, joto inavumilia na uzito unaubeba chuma. Ila tabaka lina vitundu vidogo, lisipozibwa vizuri maji yanapenya chuma kinaoza chini kwa chini.

Mashine ya taratibu isiyo na mvuke, mi ningebaki na jiwe zima lililopimwa ufa. Ukitaka spidi, weka kauri, usibishane.