Sony RX100 IV mbele ya radi za Ziwa Victoria

Anayetaka kupiga picha za radi hukabiliwa na shida moja kubwa: radi ikishaonekana, kidole kimekwisha kuchelewa. Ndiyo maana kamera ndogo ya Sony RX100 IV, iliyotoka mwaka 2015, bado naithamini sana, kwa kuwa katika hali yake ya video ya kasi ya juu inaweza kupangwa ihifadhi sekunde mbili zilizotangulia kubonyezwa kwa kitufe. Unatazama mawingu, radi inapiga, ndipo unapobonyeza, na tukio zima limekwisha kunaswa.

Niliijaribu usiku jijini Mwanza, nyuma ya dirisha linalotazama ziwa, ambako mawingu ya radi hujikusanya baada ya pepo za nchi kavu kukutana juu ya maji yenye joto. Niliiweka juu ya tripodi, nikafungua lenzi hadi mwisho, yaani f/1.8, nikachagua fremu (picha mojamoja za video) 1,000 kwa sekunde. Sekunde hizo mbili zikichezwa kwa fremu 25 kwa sekunde huwa sekunde 80, na kile ambacho jicho huona kama mwako mmoja unaotetemeka hugawanyika kuwa mapigo matatu au manne yanayofuata njia ileile, yakiachana kwa makumi ya milisekunde. Radi moja ya karibu ilinionyesha hata matawi hafifu yakishuka kutoka wingu kabla ya pigo la kwanza. Hayo ndiyo mwanafizikia Basil Schonland na wenzake waliyoyachunguza Afrika Kusini katika miaka ya 1930 kwa kamera iliyobuniwa na Charles Vernon Boys, na kuyaona kwa kifaa kinachoingia mfukoni kulinifurahisha mno.

Pigo lenyewe, linalopanda kutoka ardhini mara matawi hayo yanapofika chini, ni la kasi mno kwa kamera hii, hivyo huishia katika fremu moja tu. Ukali wa picha nao hupungua: kwa fremu 1,000 kihisi husoma takriban pikseli 1136 kwa 384, na wakati video inahifadhiwa huwezi kupiga nyingine, hata kama mbingu inaendelea kuwaka. Kwa radi za mbali napendekeza fremu 500, ambazo hutoa picha safi zaidi na bado hutenganisha mapigo vizuri. Kwa kuwa haikukingwa dhidi ya mvua, itumieni ndani ya nyumba, dirisha likiwa limefungwa.