Nrityagram, kijiji cha ngoma alichokiacha Protima Bedi

Anayetaka kuielewa Nrityagram, kijiji cha ngoma kilichoko Hesaraghatta, takribani kilomita 30 kutoka katikati ya jiji la Bengaluru nchini India, ni vyema aanze na maisha ya mwanamke aliyekianzisha, kwa sababu mengi atakayoyaona pale yana chanzo chake katika maisha hayo. Tathmini hii namwandikia msomaji anayefikiria kwenda, iwe ni kwa matembezi ya saa chache au kwa kujifunza, na niseme mapema kwamba sijui mahali pengine ambapo mgeni anaweza kuiona kazi ya mchezaji wa ngoma za kale za Kihindi kwa ukaribu kama huu.

Protima Bedi alizaliwa Delhi mwaka 1948, na alipofika miaka ya ishirini alikuwa amekwisha kujulikana nchini kote kama mwanamitindo na mke wa mwigizaji Kabir Bedi. Mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 26, aliingia katika ukumbi mmoja mjini Mumbai akakuta wasichana wawili wakicheza Odissi, ngoma ya kale ya jimbo la Odisha, akatoka humo akiwa amekata shauri kwamba hiyo ndiyo itakuwa kazi yake. Alimfuata Guru Kelucharan Mohapatra mjini Cuttack, akamwomba amfundishe. Wachezaji wengi wa ngoma hizi huanza wakiwa watoto wadogo, viungo vikiwa bado laini. Yeye alianza na mwili wa mtu mzima, tena mama wa watoto wawili, na akaziba pengo hilo kwa mazoezi ya kutwa nzima. Nafikiri hapo ndipo wazo la kijiji lilipozaliwa: aliona kwa mwili wake mwenyewe kwamba Odissi haimkubali mtu anayeipa saa moja jioni baada ya shughuli nyingine.

Kijiji kilifunguliwa mwaka 1990 kwenye ardhi ya ekari 10 iliyokodishwa kutoka kwa serikali ya jimbo la Karnataka. Msanifu wake, Gerard da Cunha kutoka Goa, alitumia mawe na udongo, akayaweka majengo chini chini kati ya miti, kiasi kwamba mgeni anayetarajia jumba kubwa la maonyesho anaweza kudhani amepotea njia. Langoni pana hekalu lililotengwa kwa heshima ya Guru Kelucharan. Utaratibu wa kuishi ni ule wa gurukula, yaani mwanafunzi anakaa na mwalimu wake, anakula naye, anashiriki kazi za nyumbani na za bustani, na ngoma inapewa muda wote unaobaki.

Darasa ndilo linaloifanya safari iwe na thamani, nami namshauri mgeni asipoteze muda mwingi kupiga picha majengo. Akae kimya pembeni, atazame wanafunzi wanavyosimama katika chauka, mkao wa pembe nne unaofuata umbo la Jagannath, mungu wa hekalu kuu la Puri: magoti yamefunguliwa pande zote mbili, kiwiliwili kimenyooka, mikono imekunjwa sawasawa na mabega, na uzito umegawanyika miguu yote miwili. Mkao huo unaonekana mwepesi kwa muda mfupi tu. Kisha mapaja yanaanza kutetemeka, jasho linadondoka kidevuni, na mwalimu anaendelea kugonga mapigo kwa kijiti juu ya ubao kana kwamba hakuona lolote. Baada ya chauka hufuata tribhanga, ambamo mwili unapinda mara tatu, shingoni, kiunoni na gotini, na ambamo kifua husogea upande mmoja huku nyonga ikibaki mahali pake. Kosa la nyonga kuyumba ndilo linalosahihishwa mara nyingi zaidi, kwa mkono wa mwalimu unaobonyeza kidogo na kuondoka. Jukwaani, kwenye njuga, mapambo ya madini ya fedha kutoka Cuttack na rangi nyekundu ya miguuni, mtazamaji huona ulaini mtupu. Darasani ndipo anapoona ulaini huo unavyotengenezwa.

Jambo jingine linalostahili sifa ni kwamba mafunzo hayaishii kwenye hatua za Odissi peke yake. Yoga na kalaripayattu, sanaa ya mapigano ya Kerala, vimeingizwa katika kuutayarisha mwili, na matokeo yake yanaonekana wazi kwa yeyote aliyekwisha kulitazama kundi la Nrityagram: miruko inatua bila kishindo, na wachezaji wawili wanageuka pamoja bila kutazamana. Nia ya awali ilikuwa kufundisha mitindo saba ya ngoma za kale, lakini Odissi ndiyo iliyotia mizizi. Kwa maoni yangu kijiji hakikupungukiwa kwa hilo, kwani kina hiki kingekuwa kigumu kufikiwa kama nguvu zingegawanywa sehemu saba.

Protima mwenyewe hakukaa kuyaona matunda yote. Mwaka 1997 alifiwa na mwanawe, akajitenga na mambo ya dunia, akaikabidhi Nrityagram kwa wenzake, na Agosti 1998 akafariki katika maporomoko ya ardhi huko Malpa, kwenye milima ya Himalaya, akiwa njiani kuhiji Kailash Mansarovar, mlima na ziwa takatifu vilivyoko Tibet. Lynne Fernandez alishika uongozi na taa za jukwaani, na Surupa Sen, mwanafunzi wa mwanzo kabisa, akawa mtunzi na mkurugenzi wa sanaa. Kundi lao limecheza New York mara nyingi na limefanya kazi ndefu pamoja na kundi la Chitrasena kutoka Sri Lanka, ambalo ngoma yake ya Kandy ina nguvu za namna tofauti kabisa. Linalonigusa zaidi ni habari ya Pavithra Reddy, aliyeanza mwaka 1990 katika mafunzo yaliyoandaliwa kwa watoto wa vijiji vya jirani na kuja kuwa mmoja wa wachezaji wakuu wa kundi hilo. Tathmini nyingi za mahali hapa zinavutiwa na ujana wa Protima katika mitindo na magazeti, ilhali kazi yake iko kwa watu kama huyu.

Kwa hiyo, nani aende? Anayetaka burudani ya jioni yenye viti na vinywaji atafute onyesho la kundi mjini, kwa kuwa kijijini hapana onyesho la kila siku, na wachezaji wakuu husafiri mara kwa mara. Ni lazima kuuliza kabla ya kuondoka Bengaluru kama kuna darasa siku hiyo, na ni afadhali kufika asubuhi. Aliye tayari kutazama mazoezi ya hatua ileile ikirudiwa tena na tena atapata zaidi ya alichotarajia. Ama anayetaka kujifunza, hasa aliyechelewa kuanza, nampendekezea kwa moyo wote aombe nafasi, mradi awe amejitayarisha kuyapanga upya maisha yake kuanzia alfajiri.