Uchambuzi: Chungu Angavu cha Okidi na Magome Yake

Watazamaji wangu, karibuni. Bidhaa iliyo mezani leo ni chungu cha plastiki angavu chenye kipenyo cha sentimita 12, kilichotobolewa matundu chini na ubavuni, pamoja na mfuko wa magome ya msonobari yaliyokatwakatwa. Nimekitumia kwa miezi 14 kuoteshea okidi aina ya Phalaenopsis, na sina haja tena ya kuipanda katika chombo kingine.

Kwao okidi hii ni misitu yenye joto na unyevu ya Asia ya Kusini-Mashariki hadi kaskazini mwa Australia, ambako haimei ardhini bali hujishikiza kwenye miti, mizizi ikiwa hewani, bila kuunyonya mti ulioibeba. Mizizi iliyozoea kuloweshwa na mvua kisha kukaushwa na upepo, ukiifukia katika udongo wa bustani, hukosa hewa na kuoza. Ndiyo maana tunatumia magome, na ndiyo maana matundu ya ubavuni si urembo.

Sasa nakisogeza chungu karibu na kamera. Tazameni mzizi huu wa kushoto: una rangi ya fedha, kwa sababu tabaka lake la nje, liitwalo velameni, limekauka na kujaa hewa. Namimina maji taratibu. Mnaona rangi ya fedha inavyofifia na kijani kujitokeza? Tabaka hilo limefyonza maji, nasi tunauona ukijani wa ndani, ambao huusaidia mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga kama yafanyavyo majani. Basi mizizi ikiwa ya kijani, subiri. Ikigeuka rangi ya fedha, mwagilia. Mzizi wa kahawia unaobonyea ukiuminya umekwisha kuoza, nao hukatwa kwa mkasi uliopanguswa kwa spiriti.

Okidi yangu ya kwanza niliipoteza kwa kutoyaona haya. Ilikuwa katika chungu cha kauri kisicho na tundu, nami niliimwagilia kila Jumamosi bila kukosa. Majani yaliponyauka nilidhani ina kiu, nikaongeza maji, kumbe mizizi ilikuwa imeoza na haikuweza tena kunywa. Niliumia sana siku nilipoing'oa.

Kasoro zipo. Magome yalikuja na vumbi jingi, na yakiwa makavu hayapokei maji, kwa hiyo yaoshe na kuyaloweka usiku kucha kabla ya kupanda. Chungu chenyewe ni chepesi mno. Kikonyo kikijaa maua huinama na kukiangusha, kwa hiyo mimi hukitia ndani ya chungu kizito zaidi, nikihakikisha namwaga maji yote yanayotuama chini. Mwani wa kijani huota ukutani, lakini haudhuru mmea. Maelezo ya mfukoni yanayotaka umwagilie mara moja kwa wiki yapuuzeni, kwa kuwa mizizi mnaiona wenyewe. Kwa hayo nakipa nyota nne kati ya tano.

Chungu hakifanyi kila kitu. Okidi huhitaji mwanga mwingi usio wa jua kali. Majani yakiwa ya kijani kilichokolea sana, mwanga hautoshi, na maua yatakuwa haba. Usiache maji yatuame katikati ya majani, kwani moyo wa mmea utaoza. Magome nayo hubomoka na kuziba hewa, hivyo yabadilishwe kila baada ya mwaka mmoja au miwili.

Kinachoamsha maua ni ubaridi wa usiku, wa nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi, kwa wiki kadhaa. Mmea huu niliuhamishia chumba chenye ubaridi, na leo asubuhi nimeona chipukizi hili chini ya jani la tatu. Ncha yake ni bapa, imechongoka kidogo, wala si ya mviringo na laini kama ya mzizi. Ni kikonyo cha maua, na maua yake yakichanua yatakaa miezi miwili, pengine hata mitatu.